Sahifa Yako Mwenyewe

Jioni moja huko Pangani, tumeketi juu ya gogo la mvule lililokuwa likingoja msumeno, mjomba wangu, fundi wa majahazi, alinieleza jinsi pamba ya kalafati inavyosokotwa kwa kiganja juu ya paja, ikachovywa katika sifa, yaani mafuta ya papa, kisha ikapigwa kwa chembeu na nyundo ya mti ndani ya mwanya ulio baina ya ubao na ubao, si kwa nguvu ya mkono bali kwa kusikiliza. Kwa kuwa, alisema, pigo hubadilika sauti pamba inapokwisha kujaa, na fundi asiyeisikia sauti hiyo ama huendelea kupiga hata akaupasua ubao, ama huacha mapema na chombo kikaanza kuvuja kabla hakijaiona Pemba. Usiku ule ule niliyaandika maneno hayo, nikayaweka katika mtandao mmoja wa kijamii ambako nilikuwa na marafiki elfu na ushei. Watu wengi walibonyeza alama ya kupenda. Baada ya siku 3 hakuna aliyeyaona tena, maana yalikwisha kufunikwa na picha za harusi, matokeo ya mpira na matangazo ya mikopo. Na baada ya miaka 2 akaunti yangu ilifungwa kwa sababu ambayo sikuelezwa, na barua nilizoandika kuuliza hazikujibiwa na binadamu yeyote. Maneno ya mjomba yakaenda na akaunti. Nilirudi Pangani, nikamkuta bado mzima, alhamdulillahi, nikamwuliza upya, na safari hii nikayaandika katika blogu yangu mwenyewe, ambamo yamo mpaka leo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ushauri nitakaoutoa umetokana nacho. Namwandikia mtu mwenye ujuzi, na ujuzi si lazima uwe wa chuo: mpishi anayejua kwa nini mkate wa kumimina hukataa kuumuka siku za baridi, mkunga aliyestaafu, mwalimu aliyefundisha hesabu miaka 30 katika shule ya kijiji, mfuga nyuki wa Sikonge, dereva wa lori anayeijua njia ya Tunduma kona kwa kona. Aghalabu mtu wa namna hii humwaga maarifa yake kila siku katika makundi ya WhatsApp na katika kurasa za Facebook, Instagram na TikTok, na kila siku yanapotea, naye mwenyewe asidhani kuwa amepoteza kitu. Namsihi afungue sahifa yake, aandike humo kwanza, ndipo apeleke kwingineko.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1930, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili aliyoiita Sahifa, ambamo alizungumza na watu wa mji wake juu ya elimu, dini na mwenendo wao; mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, na mwaka 1944 makala za ile Sahifa zikatoka katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho wasomi wangali wakikirejea. Ilikuwa sauti ya mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana na mtaa unaojulikana, akisema na wasomaji ambao wangeweza kumkuta njiani na kumpinga uso kwa uso. Blogu njema haina tofauti kubwa na karatasi ile.

Zilipokuja programu zilizomwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kuchapisha maandiko yake mwenyewe, Blogger mwaka 1999 na WordPress mwaka 2003, Waswahili hawakuchelewa. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alifungua blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe, akawa akiwahimiza wengine wafuate njia hiyo kwa lugha yao; mwaka uliofuata mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akafungua ya kwake, ambayo Watanzania wengi waliokuwa ughaibuni waliifungua kila asubuhi ili waone nyuso za nyumbani. Na huko Kenya, katika siku zile nzito za machafuko baada ya uchaguzi wa mwisho wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari, Ory Okolloh aliandika katika blogu yake, Kenyan Pundit, habari alizokuwa akiletewa na wasomaji kutoka sehemu mbalimbali za nchi, mpaka zikamzidi mkono; ndipo Januari 2008 akatoa wito humo humo kwamba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ambayo kila mtu angeweza kuitilia habari ya jambo aliloliona. Ramani ilitengenezwa kwa siku chache, ikapewa jina la Kiswahili, Ushahidi, na chombo hicho kimekwisha kutumika katika nchi nyingi, likiwamo taifa la Haiti baada ya tetemeko la 2010. Yote hayo yalianzia katika ukurasa wa mtu mmoja ambaye wasomaji wake walimwamini kwa kuwa walikwisha kumzoea.

Msomaji ataniuliza, kama blogu ni kitu chema namna hii, mbona watu wamezihama? Wamezihama kwa sababu kampuni kubwa zilijenga nyumba za wazi zenye taa na vishindo, zikawaambia watu waingie bila kulipa, na kweli ndani mlikuwa na watu wote. Sizilaani nyumba hizo. Mimi mwenyewe humo ndimo nilimosikia habari za misiba na harusi za jamaa zangu walio mbali. Lakini yatupasa tujue zinavyoendeshwa. Pato lake hutoka kwa wenye matangazo, na mwenye tangazo hununua muda ambao macho yako yametua kiooni. Kwa hiyo kila andiko hupimwa kwa kipimo kimoja, nacho ni kama litamzuia mtu asiondoke. Hapo zamani mambo yalipangwa kwa wakati, la karibuni likitangulia. Mwaka 2016 Instagram iliacha desturi hiyo, ikaanza kupanga picha kwa makadirio ya mashine juu ya kile kitakachokuvutia, na wengine nao wamefanya vivyo hivyo. Habari ya kalafati, inayomtaka msomaji atulie dakika 6, haina bahati mbele ya kipimo hicho, hata kama kuna vijana 20 duniani ambao wangeihitaji kuliko kitu chochote walichotazama siku ile.

Kisha kuna suala la kudumu. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walikuwa wamejenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa na Yahoo mwezi wa Oktoba 2009. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba muziki uliowekwa humo kabla ya 2016 umepotea walipokuwa wakihamisha mitambo, kazi ya miaka 12 ya wanamuziki ambao wengi hawakuwa na nakala nyingine. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa muda wa saa 6 hivi, na siku hiyo wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo na wa Mombasa waliokuwa wakipokea oda zao zote kwa njia hizo walijua kwamba hawakuwa na mlango mwingine wa mteja kupita.

Sasa nieleze uzuri wa sahifa ya mtu, ambao ndio ulionifanya nisichoke. Mwaka wa pili tangu niandike habari ile ya mjomba, nilipata barua pepe kutoka Sur, mji wa Oman ambao tangu zamani una mafundi wa majahazi. Aliyeniandikia alizaliwa huko, lakini Kiswahili alikisikia kwa bibi yake aliyerudi kutoka Unguja, naye alikuwa akitafuta neno moja tu: shahamu, yaani yale mafuta ya mnyama yanayochanganywa na chokaa na kupakwa chini ya chombo ili wadudu wa baharini wasiutoboe ubao. Babu yake alilitamka hivyo hivyo, naye alitaka kujua kama lilitoka kwao kuja kwetu au kinyume chake. Nilimjibu kuwa ni neno la Kiarabu, nikamsomea mjomba barua yake, naye mjomba akaongeza kipimo cha chokaa ambacho hakuwa amenitajia mwanzo kwa kuwa, kwa maneno yake, sikuwa nimemwuliza. Nimekiingiza kipimo hicho katika ukurasa, pamoja na tarehe niliyokiingiza. Mazungumzo ya namna hii hayatokei mahali ambapo maneno hufukiwa baada ya siku 3. Hutokea pale ambapo ukurasa una anwani isiyobadilika, umekaa mahali pake kama kisima kijulikanacho, na mwenye kiu hufika kwa wakati wake, hata ikiwa ni baada ya miaka.

Basi ewe ndugu msomaji, ukiwa umekubali, anza hivi. Usingoje fedha wala mtaalamu. Fungua blogu ya bure ya Blogger au ya WordPress kwa simu yako hiyo hiyo, uandike makala 5 za kwanza humo, upate kujijua kama una pumzi ya jambo hili. Ukiona unayo, nunua jina lako mwenyewe la mtandao, liwe na mwisho wa .co.tz au .co.ke au mwingine uupendao, kwa maana jina ndilo mali yenyewe: kampuni inayokuhifadhia maandiko ikifunga au ikipandisha bei, utahama na maandiko yako, na wasomaji watakukuta kwa jina lile lile bila kujua kuwa umehama. Na hapa nina onyo nililolinunua kwa gharama. Mara ya kwanza nilimwachia kijana fundi wa kompyuta aniandikishie jina, akaliandikisha kwa jina lake na kwa barua pepe yake, si kwa hila bali kwa uvivu. Alipohamia mji mwingine na simu yake ikabadilika, mwaka ukaisha, ada haikulipwa, na jina likachukuliwa na mtu mwingine nisiyemjua. Hakikisha kwa macho yako kwamba mmiliki aliyeandikwa ni wewe, kwamba barua pepe ni yako, na tarehe ya kulipa iandike katika kalenda ya ukutani.

Walio Tanzania wana jambo moja zaidi la kuangalia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilipita shilingi milioni 2, na blogu nyingi za watu wasio na biashara zikanyamaza kwa ajili hiyo. Nasema kwa moyo wote kwamba ulikuwa mzigo usiostahili kutwikwa mwalimu mstaafu anayeandika habari za kijiji chake. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Kabla hujafungua, uliza TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ujue hali ya sasa inasemaje kwa aina ya maandiko yako, hususan kama unakusudia kutoa habari za matukio.

Kuhusu la kuandika, shauri langu ni kwamba uandike lile ambalo watu hukujia kukuuliza. Kila mtu ana maswali 3 au 4 ambayo jirani zake humletea yeye na si mwingine. Hayo ndiyo makala zako za kwanza. Taja vitu kwa majina yake. Ukiandika habari ya jahazi, usiseme mbao za ndani ikiwa unajua kuwa ni mataruma. Ukiandika habari ya kilimo, litaje jina la mbegu kama linavyotajwa kwenu, kisha uongeze la kitabuni kama unalijua. Maneno haya hayamo kwa wingi katika mtandao, na mengine yamebaki vinywani mwa wazee tu. Siku hizi mashine za kutafutia habari hutoa majibu yake zenyewe juu ya ukurasa, na majibu hayo huchotwa katika yale yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo jambo ambalo hakuna Mswahili aliyeliandika litajibiwa kwa kubahatisha au kwa desturi za watu wengine. Andika kwa Kiswahili chako cha kila siku, cha Mrima au cha bara au cha Lubumbashi, bila kuona haya.

Tia tarehe kamili katika kila makala. Ukikosea, usifute kimya kimya. Andika chini kwamba palikuwa na kosa na siku uliyolirekebisha, nawe utaona heshima yako kwa wasomaji inapanda. Jambo ulilolipata kwa mtu mwingine, hasa kwa mzee, mwombe ruhusa kabla hujalitoa hadharani, na siri za ugonjwa au za ndoa za watu ziache, hata kama kisa kingenoga.

Wafikirie wanaosoma kwa bando la kupima. Makala ya maneno 700 ya Kiswahili ina uzito wa kilobaiti 5 hivi, na picha moja ya simu ya kisasa isiyopunguzwa huweza kufika megabaiti 4, ambayo ni sawa na makala 800 za namna hiyo. Kwa hiyo picha moja usiyoifanyia kazi inamtoza msomaji wako gharama ya maktaba nzima. Punguza picha kabla hujaziweka, na uweke zile tu zinazoonyesha kitu ambacho maneno hayawezi, kama vile namna kiganja kinavyokaa juu ya pamba.

Ukishachapisha, usikae ukingoja. Chukua anwani ya makala uipeleke katika kundi la familia, katika hali ya WhatsApp, Facebook, popote watu walipo. Kanuni ni kwamba asili ibaki kwako na nakala ziende kwao. Mjulishe msomaji pia kuwa kuna RSS, utaratibu wa tangu mwaka 1999 ambao blogu nyingi huwa nao bila mwenyewe kujua, unaomwezesha mtu kukusanya blogu azipendazo mahali pamoja na kuzisoma kwa mpangilio wa wakati, bila mashine kumchagulia. Google ilikuwa na programu mashuhuri ya kazi hiyo, ikaifunga Julai 2013, na wengi wakadhani utaratibu wenyewe umekufa. Haukufa, programu nyingine zipo na nyingi ni za bure. Na wewe mwenyewe soma blogu za wenzako, uwaandikie maoni ya kweli, uweke katika ukurasa wako viungo vya kwao, kwa kuwa kabla ya mashine kushika kazi hiyo, watu walijuana kwa njia hii ya mmoja kumwelekeza mwenziwe kwa mwingine.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Wachache hupata riziki kwa blogu. Walio wengi hawapati, na anayeanza kwa nia ya matangazo mara nyingi huishia kuandika yale yale yaliyomkimbiza kule alikotoka.

Lililo kubwa kuliko fedha ni hifadhi. Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua kwa miaka mingi, na mwaka 2002 barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zilichapwa kuwa kitabu, kwa sababu moja tu kwamba yule aliyepelekewa hakuzitupa. Katika karatasi hizo mna mtu tusiyemkuta katika vitabu vyake vingine, mwenye shida za nyumba na za kazi na za watoto. Nani atakayekuwekea maandiko yako wewe? Blogger na WordPress zote mbili hukuruhusu kushusha maandiko yote ya blogu katika faili moja. Fanya hivyo kila baada ya miezi 3, faili moja likae katika flashi nyumbani kwako na jingine kwa ndugu unayemwamini. Peleka pia kurasa zako katika Internet Archive, hazina iliyoanzishwa mwaka 1996 kule California, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za dunia nzima bila malipo, nayo ina mahali ambapo mtu yeyote huweza kubandika anwani ya ukurasa na kuamuru uhifadhiwe saa ile ile. Yale uliyoyapenda zaidi yachapishe karatasini. Na katika wasia wako, pamoja na habari za shamba na za madeni, andika ni nani atakayelipia jina la blogu yako na nenosiri lake limewekwa wapi.

Mjomba sasa haoni vizuri, na chembeu yake ameirithi mjukuu wake. Kila ninapokwenda Pangani huniuliza kama kuna mtu ameandika tena kuhusu kalafati, nami humsomea barua zilizokuja, moja baada ya moja, naye hurekebisha ninapokosea kutamka jina la chombo. Zipo barua 41 mpaka sasa. Nawe ukiifungua sahifa yako, usione aibu kwa uchache wa makala; nitumie anwani yake, nami nitaisoma.